Rumba: mwaka wa furaha na kilio

Tarehe 14 Desemba 2021, UNESCO iliingiza rumba ya Kongo katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu, kwa ombi la Kongo zote mbili. Lakini mwaka ule ule tulimpoteza Josky Kiambukuta wa OK Jazz, mwezi wa tatu. Na siku 13 tu baada ya habari ya UNESCO, Defao akafia Douala.

Njo maana tunauliza: wazee wakienda, nani atafundisha vijana? Kuandikwa kwenye orodha hakufundishi mtoto gitaa. Koffi Olomidé alizaliwa hapa Kisangani mwaka 1956, lakini jina alilipatia Kinshasa. Studios Kabako iko kwetu tangu 2006. Peke yake haitoshi mji mzima. Jimbo lipeleke vyombo na walimu mashuleni, na wapiga gitaa wazee wa mitaa yetu turekodi nyimbo zao wangali hai.