Tundu la Spika si Pambo: Acheni Kukisia!

Wadau, leo sina maneno matamu. Kuna ugonjwa umeenea kutoka kwa mafundi wa matatu hadi kwa vijana wanaojijengea spika nyumbani: mtu anapiga boksi la plaiwudi, anashika msumeno, anatoboa tundu mbele "ili besi itoke". Muulize kwa nini tundu ni la sentimita 10. Jibu: "Ndivyo tunavyofanya."

Besi haitoki kwa sababu kuna tundu! Hewa iliyo kwenye paipu ni uzito; hewa iliyofungiwa ndani ya boksi ni springi. Viwili hivyo vina mpigo wao mmoja, kama chupa ya soda unapoipuliza mdomoni. Kwenye mpigo huo koni karibu inatulia na paipu ndiyo inayofanya kazi. Ukikosea mpigo, umekosea kila kitu.

Tuhesabu. Boksi lita 50, paipu ya kipenyo cha sm 10. Ukitaka mpigo wa Hz 35, paipu iwe na urefu wa kama sm 31. Sasa toboa tundu hilohilo bila paipu kwenye ubao wa mm 18: mpigo unapanda hadi karibu Hz 70. Hiyo si besi, ni noti moja inayonguruma katika kila wimbo. Tena chini ya mpigo huo hakuna kinachoishikilia koni. Inaruka ovyo, sauti inaporomoka desibeli 24 kwa kila oktavu (boksi lililozibwa hushuka 12), na koili inagonga hadi ife. Kisha tunalaumu spika "feki".

Najua mtasema: "Sikio ndilo fundi." Sawa, lakini sikio huja baada ya mbao kukatwa na pesa kuisha. Neville Thiele wa Australia alichapisha hesabu hizi mwaka 1961, na Richard Small akazikamilisha miaka ya 1970. Unahitaji namba tatu za spika yako: Fs, Qts na Vas. Ziingize kwenye WinISD, programu ya bure, uone mchoro kabla ya kununua hata msumari.

Muuzaji akikuonyesha "wati 1000" tu bila namba hizo, mrudishie. Na kama tayari umenunua, ziba boksi kabisa. Boksi lililozibwa husamehe makosa.

Waandishi wa programu wenzangu, nyinyi ndio mnanishangaza zaidi. Kodi mnaijaribu, boksi mnaliombea? Anza na paipu ndefu, pima, kisha punguza kidogo kidogo. Kufupisha hupandisha mpigo. Kurefusha kilichokatwa hakuna.

Anayepinga alete vipimo, si kelele.