Zanzibar hupata teknolojia mapema. Ikiharibika, nani anaitengeneza?

Jioni Kidichi ina mijadala yake. Magari ya watalii wa mashamba ya viungo yakishaondoka, vijana hukaa barazani, simu mkononi. Hoja ni zilezile. Bora iPhone ya mtumba kutoka Dubai au Infinix mpya ya dukani? Nani kamfunga nani kwenye eFootball? Roboti zitachukua kazi zote au ni mambo ya sinema tu?

Mtu mzima akipita husema hao wanapoteza muda. Kiukweli, ndani ya porojo hizo kuna swali zito ambalo Unguja nzima bado haijalijibu: kisiwa kinataka kijana anayejua kutumia simu, au kijana anayejua kuifungua na kuitengeneza?

Swali hilo limepata uzito zaidi tangu mwaka 2023. Mwaka huo Taasisi ya Teknolojia ya India ya Madras, maarufu kama IIT Madras, ilifungua kampasi yake Bweleo, kusini mwa mji. Ni kampasi ya kwanza ya taasisi za IIT kujengwa nje ya India. Ilianza na masomo ya sayansi ya data na akili mnemba, shahada ya kwanza na ya uzamili.

Ni jambo la kujivunia. Lakini Zanzibar si mgeni wa kuwa "wa kwanza". Tatizo lake la siku zote ni kinachofuata baada ya ufunguzi.

Orodha ndefu ya "wa kwanza"

Anza na Beit el Ajaib, jumba lililojengwa 1883 zama za Seyyid Barghash. Ndilo jengo la kwanza Zanzibar kuwashwa taa za umeme, na linatajwa kuwa la kwanza Afrika Mashariki kuwa na lifti. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake iliporomoka likiwa kwenye ukarabati.

Njoo Bububu, jirani na Kidichi. Mwaka 1905 kampuni ya Kimarekani ilijenga reli nyembamba kutoka mjini hadi hapo, umbali wa maili saba hivi. Leo anayekwenda Bububu anapanda daladala ya 502. Reli imebaki kwenye picha za zamani.

Halafu kuna televisheni. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Zanzibar ilianza kurusha televisheni ya rangi, na inatajwa kuwa ya kwanza Afrika kusini mwa Sahara. Tanzania Bara ilisubiri hadi 1994 kupata kituo chake cha kwanza.

Na kuna jambo ambalo vijana wengi wa barazani hawalijui kabisa: Unguja imewahi kushiriki safari za anga za juu.

Mwaka 1960 Marekani ilikubaliwa kuweka kituo Tunguu cha kufuatilia vyombo vya mradi wake wa Mercury. John Glenn alipoizunguka dunia mara tatu tarehe 20 Februari 1962, Zanzibar ilikuwa miongoni mwa vituo vilivyomfuatilia njiani. Wapo waliokipinga kituo hicho kwa maandamano, wakihofia kisiwa kingegeuzwa shabaha katika ugomvi wa mataifa makubwa. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 kituo kikafungwa, na Wamarekani wakaondoka na ujuzi wao.

Leo Tunguu ina kampasi kuu ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA. Mwanafunzi wa kompyuta anaweza kumaliza miaka yake pale bila kuambiwa kwamba eneo hilo liliwahi kuzungumza na mtu aliyekuwa angani.

2010: riwaya ilisema hivi, Unguja ikawa vile

Wapenzi wa hadithi za kubuni za kisayansi duniani wanalijua jina la Zanzibar kwa sababu nyingine. Mwaka 1968 mwandishi Mwingereza John Brunner alitoa riwaya iitwayo *Stand on Zanzibar*, iliyoshinda tuzo ya Hugo mwaka uliofuata.

Jina lilitokana na hesabu: watu wote duniani wakisimama bega kwa bega, wakishafika bilioni saba watahitaji kisiwa chenye ukubwa wa Zanzibar. Ndani ya kitabu mna kompyuta yenye nguvu kupita kiasi na televisheni inayomwonyesha mtazamaji kana kwamba yeye mwenyewe yumo kwenye kipindi. Hadithi imewekwa mwaka 2010.

Kwa idadi ya watu, Brunner hakukosea sana. Dunia ilifikisha bilioni saba mwaka 2011.

Lakini Unguja halisi iliuanza mwaka 2010 gizani. Waya wa umeme wa chini ya bahari, uliowekwa 1980 kutoka Bara, ulipata hitilafu Desemba 2009. Umeme ulirudi Machi 2010. Ni karibu miezi mitatu. Mwaka mmoja na nusu kabla ya hapo, 2008, kisiwa kilikuwa kimeshakaa karibu mwezi mzima bila umeme.

Walioishi kipindi hicho hawahitaji kusimuliwa. Pampu zilisimama, maji yakawa ya kutafutwa. Majokofu yakageuka makabati. Kuchaji simu kulimaanisha kumtafuta mwenye jenereta. Simu ilikuwa nzima, laini ilikuwa nzima, ila kilichokuwa chini yake kilikuwa kimekufa.

Waya mpya wa megawati 100 uliunganishwa 2013 kwa msaada wa Marekani. Hali ikawa nafuu. Lakini somo la 2010 lilikuwa pana kuliko waya mmoja: teknolojia usiyoweza kuitengeneza mwenyewe ni ya kuazima, hata kama umeilipia.

Somo hilo lilirudi kwa sura nyingine tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za intaneti za baharini, EASSy na Seacom, zilipokatika na mtandao ukazorota Tanzania na nchi jirani. Kijana wa Kidichi aliyekuwa katikati ya mechi mtandaoni alijua siku hiyo kwamba "mtandao" si kitu cha hewani. Ni waya, na waya hukatika.

Dola 12,000 na kiti cha fundi Darajani

Turudi Bweleo. Ada ya shahada ya kwanza ya IIT ilitangazwa kuwa dola 12,000 kwa mwaka. Wapo watakaosoma kwa ufadhili, na hilo ni jema. Lakini kwa mzazi wa Kidichi anayeishi kwa kuchuma karafuu, kuuza viungo au kutembeza wageni shambani, kulipa mwenyewe ni ndoto.

Nenda sasa Darajani mjini, kwenye msururu wa maduka ya simu. Pale kuna skuli nyingine isiyo na bango. Kijana anakaa pembeni ya fundi mkubwa, anaanza kwa kubadilisha vioo, anahamia kwenye sistimu ya chaji, anajifunza kuflashi, baadaye anapewa kushika hita na kugusa bodi. Akikwama anafungua YouTube. Baada ya miaka miwili mitatu anajua mengi, na hana karatasi hata moja ya kuonyesha.

Skuli hizi mbili hazijuani. Mmoja anasoma data bila kuwahi kufungua simu. Mwingine anafungua simu kumi kwa siku na hakuna anayemfundisha kwa nini ile sehemu ndogo kwenye bodi inaungua kila mara.

Katikati yao kuna vyuo ambavyo haviandikwi sana. Ipo Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Karume kule Mbweni, inayofundisha mafundi sanifu. Vipo vituo vya Mamlaka ya Mafunzo ya Amali kama Mwanakwerekwe na Mkokotoni kwa Unguja, na Vitongoji kwa Pemba. Kizimbani, jirani kabisa na Kidichi, SUZA ina skuli yake ya kilimo. Hapo ndipo daraja lingepaswa kujengwa, lakini barazani amali bado inasikika kama adhabu ya aliyefeli.

Mtazamo huo ndio unaoigharimu Zanzibar. Kompyuta za akili mnemba nazo zinahitaji umeme usioyumba, viyoyozi, nyaya na watu wa kuzihudumia usiku wa manane. Bila mafundi, maabara ya kisasa huwa kama lifti ya Beit el Ajaib: ya kwanza kusifiwa, ya kwanza kusimuliwa kwa wakati uliopita.

Kinyasini wameshaonyesha njia

Anayedhani mafunzo ya ufundi lazima yaanze na vyeti vizito aende Kinyasini, Kaskazini Unguja. Pale chuo cha Barefoot kimekuwa kikiwachukua wanawake kutoka vijiji visivyo na umeme, wengi wao wakiwa hawakusoma sana, na kuwafundisha ufundi wa sola kwa miezi kadhaa.

Wanafundishwa kwa vitendo, kwa rangi na picha. Wanajifunza kuunganisha, kufunga na, muhimu zaidi, kutengeneza. Wakirudi kijijini, taa ikizimika hapigiwi simu mtu wa mjini. Anaitwa mama fulani, nyumba ya tatu.

Hapo pana mambo mawili. Kwanza, matengenezo ni sehemu ya somo tangu siku ya mwanzo. Pili, wanafunzi ni wanawake. Barazani Kidichi na kwenye vibanda vya gemu, wasichana ni wachache mno. Kama mlango wa kwanza wa teknolojia kwa kijana wa Unguja ni kibanda cha gemu, basi nusu ya vijana wameachwa nje kabla hata skuli haijafunguliwa.

Gemu si adui

Wazazi wengi wanaziona gemu kama kamari. Hofu yao ina sababu: muda unapotea, pesa za bando zinakwenda, na vibanda vingine kweli vinaweka dau.

Lakini tazama kinachotokea pedi ikiharibika. Mwenye kibanda hawezi kununua mpya kila mwezi. Anaifungua, anasafisha, anabadilisha kijiti kilicholegea, anaunga waya. Mtoto anayetazama anajifunza jambo ambalo darasani halipo: kwamba kifaa kina ndani, na ndani yake hapana uchawi.

Shida ni kwamba watengenezaji nao wanazidi kuufunga mlango huo. Simu za siku hizi zimegandishwa kwa gundi, betri haitoki kwa kidole kama ya kitochi. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2024 sheria ya haki ya mnunuzi kutengenezewa kifaa chake, na nchi wanachama zilipewa hadi Julai 2026 kuanza kuitumia. Tangu mwisho wa 2024 simu mpya zinazouzwa huko lazima ziwe na tundu la chaji la aina moja, USB-C.

Tanzania imeonyesha kuwa ikitaka inaweza kulisimamia soko la simu. Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilizima simu bandia nchi nzima, na kila mtu akajifunza kubonyeza *#06#. Kama iliwezekana kuwauliza wauzaji kama simu ni halisi, inawezekana pia kuwauliza kama vipuri vyake vinapatikana.

Cha kufuatilia

Hakuna anayesema IIT ifungwe au ndoto zipunguzwe. Hoja ni kuziunganisha ngazi. Fundi wa Darajani apimwe na kupewa cheti cha ujuzi alionao. Wanafunzi wa Bweleo wapelekwe kwenye vituo vya amali, na wa amali wafunguliwe milango ya Bweleo. Kila mradi mpya wa teknolojia uwe na jibu la maandishi kwa swali moja: ikiharibika, nani wa hapa ataitengeneza?

Darasa la kwanza la shahada ya miaka minne pale Bweleo linatarajiwa kumaliza 2027. Picha zitapigwa, hotuba zitatolewa. Kipimo halisi kitakuwa idadi ya wanaobaki kisiwani, na idadi ya mafundi waliokua pamoja nao.

Kidichi yenyewe inajua gharama ya kukosa hilo. Hamamu za Kiajemi alizojenga Seyyid Said mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe zilikuwa teknolojia ya hali ya juu ya wakati wake: maji ya moto, kuba na nakshi. Leo wageni wanaingia, wanapiga picha na simu zao, wanatoka. Maji hayapiti tena.