Wati 1,000 na Neno Lisilosikika

Unguja ina masikio yaliyofunzwa tangu zamani. Ikhwani Safaa iliundwa mwaka 1905. Mwaka 1928 Siti binti Saad alivuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri, nazo zikasikilizwa kwa gramafoni za kutiwa ufunguo, zisizojua umeme. Wasikilizaji wale walishika maneno. Walibishania fumbo, wakamjua aliyelengwa na kijembe. Leo wajukuu wao huchagua amplifaya kwa tarakimu iliyobandikwa usoni mwake.

Tarakimu yenyewe ni ghilba. Hiyo iitwayo PMPO, iwe 1,000 au 5,000, haina kanuni inayokubalika ya kuipimia. Kila kiwanda hujipimia kitakavyo. Kipimo chenye maana ni wati ambazo mashine huzitoa mfululizo, njia zote mbili zikifanya kazi pamoja, kwa spika ya omu 8, na kiasi cha upotoshaji kikitajwa. Na hata wati za kweli zina mpaka wa faida: kutoka 50 hadi 100 sauti hupanda desibeli 3 tu. Spika nyingi za nyumbani hutoa takriban desibeli 88 kwa wati 1, umbali wa mita 1, nayo ni sauti inayozidi sana mazungumzo ya watu. Vyumba vya nyumba kongwe za Mji Mkongwe vina kuta nene za mawe ya matumbawe, na upana wake ulifuata urefu wa boriti za mikoko, kiasi cha mita 3. Wati 1,000 humo ni za nini, kama si za kumkera jirani?

Atatokea wa kusema kwamba taarab ya kisasa, ile ya rusha roho, haendi bila besi. Ukumbini, ndiyo. Chumbani besi iliyozidishwa huifunika sauti ya mwimbaji, na anayeumia kwanza ni mshairi. Kiswahili kimejaa maneno yanayotenganishwa na pumzi ndogo ya ulimi: dhana na zana, thamani na samani. Mashine isiyoweza kumwonesha msikilizaji tofauti hiyo, sauti ikiwa imeshushwa hadi kiwango cha maongezi ya barazani, haifai kuingizwa nyumba yenye mpenzi wa ushairi hata ikitolewa bure. Jaribio ndilo hilo, na halihitaji fundi.

Wapo pia wajuzi wa upande wa pili, wanaoshikilia kwamba amplifaya safi haipaswi kuwa na vifundo vya besi na trebo, kwa kuwa kila kifundo huchafua sauti. Hoja hiyo inawafaa wenye rekodi mpya. Santuri za 1928 zilichongwa kabla ya kanuni ya RIAA, ambayo viwanda vya santuri vilikubaliana juu yake miaka ya 1950 na ambayo ndiyo iliyomo katika mlango wa santuri wa amplifaya za leo. Ukipitisha sauti ya santuri ya zamani katika mlango huo, uwiano wake hupindika, na bila vifundo msikilizaji hana pa kuunyooshea. Kifundo cha trebo, kikirudishwa nyuma kidogo, hupunguza mikwaruzo. Usafi unaomnyima mtu kumsikia Siti sawasawa una faida gani?

Lipo na suala la umeme, ambalo vijitabu vya viwandani hulipita kimya. Unguja ilikaa gizani takriban mwezi mzima mwaka 2008, kisha tena tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010. Hata bila msiba wa namna ile, umeme ukatikao na kurudi kwa kishindo huua vyombo. Kidhibiti umeme kinunuliwe pamoja na amplifaya, bei yake ihesabiwe humo humo. Hewa ya chumvi nayo hula tundu na vibanio vya nyaya, basi vibanio vya skrubu vilivyo imara vina heshima kuliko taa za rangi zinazochezacheza.

Anayekwenda kununua na achukue rekodi anayoijua kwa moyo, ubeti kwa ubeti, aombe nusu saa. Muuzaji akikataa kuichomeka mashine kabla ya kulipwa, Darajani haina duka moja.