Umehama LastPass? Kasha lako la zamani bado liko kwa wezi

Desemba 2025, ICO, ambayo ni mamlaka ya Uingereza inayosimamia ulinzi wa taarifa binafsi, iliipiga LastPass faini ya pauni milioni 1.2. Kosa lenyewe ni la 2022. Yaani miaka mitatu imepita na sakata la zile nywila bado halijaisha.

Kama hujawahi kuisikia, LastPass ni programu ya kutunza nywila. Wewe unakariri nywila kuu moja tu, zilizobaki inakutunzia yenyewe kwenye kasha: barua pepe, Facebook, benki, zote. Ni wazo zuri, maana bila programu ya aina hiyo wengi wetu tunatumia nywila ileile kila mahali, tunabadilisha tarakimu ya mwisho tu.

Agosti 2022 mdukuzi aliingia kwanza kwenye mfumo wanaotumia watengenezaji wa programu hiyo. Baadaye akamwinda mhandisi mmoja, kati ya wanne tu waliokuwa na funguo za hifadhi ya kampuni. Akaivamia kompyuta yake ya nyumbani na kunasa alichokuwa anachapa. Kwa njia hiyo akaondoka na nakala za makasha ya wateja. Kwa mujibu wa ICO, waathirika wa Uingereza peke yake wanafika milioni 1.6.

Nywila zilizokuwa ndani ya makasha hayo zilikuwa zimesimbwa, hazisomeki bila nywila kuu ya mteja. Anwani za tovuti hazikusimbwa. Fikiria mwizi ameondoka na sanduku lako lenye kufuli, lakini kwa nje umeandika kila kilichomo: benki hii, hospitali ile, mtandao wa kutafuta mchumba, soko la sarafu za kidijitali. Hajavunja kitu na tayari anakufahamu. Anajua pia sanduku lipi lina faida akihangaika nalo.

Na kuhangaika kunalipa. Programu hizi huipitisha nywila kuu kwenye hesabu nzito mara nyingi mno, ili anayebahatisha achoke. LastPass ilikuwa imeweka kiwango cha mara 100,100 tangu 2018, lakini baadhi ya wateja wa zamani waligundua akaunti zao zimebaki kwenye 5,000. Wengine walikuta mara 1. Moja! Kampuni ilipandisha hadi 600,000 baada ya wizi, na 2024 ikaanza kusimba anwani za tovuti pia. Makasha yaliyoibwa, hata hivyo, yamebaki vilevile yalivyokuwa siku ile.

Machi 2025, nyaraka za mahakama nchini Marekani zilionyesha wachunguzi wakihusisha wizi wa sarafu za kidijitali wa takriban dola milioni 150, uliotokea Januari 2024, na nywila zilizotoka kwenye huduma ya kutunza nywila iliyodukuliwa 2022. Mwizi hakuwa na haraka. Kasha likishakuwa kwenye kompyuta yake, hakuna wa kumfungia akaunti baada ya kukosea mara tatu.

Basi watu wamehama, na kwa maoni yangu wana haki. Bitwarden na Proton Pass husimba hadi anwani za tovuti, na msimbo wa programu zao uko wazi, mtaalamu yeyote anaweza kuukagua. Zote mbili zina huduma ya bure inayofanya kazi kwenye simu na kompyuta. KeePass inakwenda mbali zaidi: kasha ni faili linalokaa kwenye kifaa chako, hakuna seva ya kampuni ya kuvamiwa. Ila simu ikiibwa na huna nakala, kila kitu kimekwenda nayo. Kwa mtu ambaye simu ndiyo kifaa chake pekee, mimi nisingemshauri aanzie huko.

Na kama unasema haya hayakuhusu kwa kuwa Chrome ndiyo inakukumbukia nywila, yanakuhusu. Kwa mfumo wa kawaida wa Google, ufunguo wa kufungulia nywila hizo unatunzwa ndani ya akaunti yako ya Google. Kuna chaguo la kuzisimba kwenye kifaa chenyewe ili Google isiweze kuzisoma, lakini wangapi wamewahi kufungua mipangilio hiyo?

Kinachosahaulika ni kwamba kuhamisha nywila si kuzibadilisha. Ukitoa nywila zako LastPass ukaziingiza Bitwarden zilezile, aliyeiba kasha mwaka 2022 bado anazo. Ulikuwa mteja wakati ule? Anza na barua pepe, kwa sababu mwenye barua pepe yako ataomba nywila mpya za akaunti nyingine zote. Kisha benki. Ile akaunti ya kusoma magazeti itasubiri.

Safari yenyewe nayo ina shimo. Ukihamisha, programu ya zamani mara nyingi hukupa faili la CSV, na nywila zote zimo kwa maandishi ya kawaida, anayelifungua anazisoma. Usijitumie WhatsApp. Usifanye kazi hii kwenye kompyuta ya steshenari unakochapishia CV. Ukimaliza kuliingiza, lifute, kisha lifute tena kwenye taka. Mimi nilipohama nililisahau kwenye folda ya vipakuliwa kwa siku tisa, na simu hiyo huwa naiacha dukani ichajiwe.

Halafu kuna gharama ambayo matangazo hayaitaji kwa sauti. Kampuni isiyoweza kusoma nywila zako haiwezi pia kukurudishia ukiisahau nywila kuu. Hakuna namba ya huduma kwa wateja itakayokuokoa. Kwa hiyo chagua nywila kuu ndefu, maneno manne au matano ambayo mtu hawezi kuyakisia kwako. Iandike kwenye karatasi pamoja na msimbo wa dharura, uiweke nyumbani penye vyeti vyako.

Uthibitisho wa hatua ya pili usiutegemee SMS peke yake. Anayefanikiwa kusajili upya laini yako kwa jina lako atazipokea yeye. Programu ya kuzalisha namba za uthibitisho ni bure na inafanya kazi hata bando likiisha. Nakala ya misimbo yake nayo iweke kwenye ile karatasi, kabla simu haijapotea.