Pijo na Vitz: Ukubwa wa Gari si Ukubwa wa Mtu

Wapo wanaomcheka mhadhiri kijana ashukapo kwenye Vitz, eti gari hilo halimfai msomi. Kwao, hadhi ilitoweka pamoja na Peugeot 504, ile Pijo iliyowabeba wakubwa wa serikali katika miaka ya 1970. Dai hili linafaa kupimwa.

Ni kweli kwamba Pijo haikuwa gari la mzaha. Ilizinduliwa Ufaransa mwaka 1968, ikaja kuunganishwa hapa Kenya, na mwaka 1975 Ove Andersson akashinda nayo mbio za Safari Rally. Springi zake zilistahimili mashimo, na fundi wa jua kali aliweza kuifungua kabureta kwa spana na bisibisi tu. Vitz, iliyotoka Japani mwaka 1999, hukwaruza tumbo kwenye matuta, na baadhi ya hitilafu zake hutaka kompyuta.

Hata hivyo, gari ni chombo cha kazi, si kiti cha enzi. Injini ya Pijo ilikaribia lita mbili. Vitz ya kwanza ilikuwa na lita moja. Katika msongamano wa Nairobi, tofauti hiyo hulipiwa kila siku kwenye kituo cha petroli. Tena, viti vya nyuma vya Vitz vikikunjwa, gunia la mahindi la mama huingia bila taabu.

Kinachosikitisha ni kijana anayekopa ili anunue ukubwa, kisha karo ya nduguye ikamshinda. Wembamba wa reli, garimoshi hupita. Tumpime msomi kwa kalamu yake, si kwa urefu wa buti la gari lake.