Ruhusa ya bwana: sheria iliifuta 2016, nyumbani bado inaombwa

Kila mwezi wa tatu, katika miji ya Kivu kama kwingine nchini, wanawake wanashona kikwembe cha namna moja, wanasikiliza hotuba juu ya usawa, kisha wengi wanaondoka mapema ili chakula kiwe tayari kabla bwana hajafika. Sisemi hivyo kwa kuwacheka. Mimi mwenyewe nimekwisha kuripoti mikutano ya namna hiyo huku nikiangalia saa.

Kwa maandishi, mambo ni mazuri. Katiba ya 2006 inazungumzia usawa katika kifungu cha 14. Sheria ya tarehe 1 Agosti 2015 ilieleza namna ya kuutekeleza. Tarehe 1 Aprili 2024, Judith Suminwa Tuluka aliteuliwa kuwa waziri mkuu, mwanamke wa kwanza katika historia ya nchi. Tukiishia hapo, tutasema kwamba mwanamke mwenye diploma anayekataa kazi nzuri amechagua mwenyewe. Lakini ukiuliza uamuzi huo ulichukuliwa namna gani, utasikia neno moja likirudi: ruhusa.

Neno hilo liliwahi kuwa sheria. Kanuni ya jamaa ya tarehe 1 Agosti 1987, kifungu cha 448, ilimtaka mwanamke aliyeolewa apate ruhusa ya bwana wake kabla ya kujifunga kisheria kwa jambo ambalo yeye mwenyewe angepaswa kulifanya. Kontra ya kazi imo ndani. Kwa karibu miaka 29, sahihi ya mwalimu au ya muuguzi aliyeolewa peke yake haikutosha. Sisi tulio na miaka thelathini na kitu, mama zetu walifanya kazi chini ya kifungu hicho, na tulikua tukiona namna walivyoomba.

Tarehe 15 Julai 2016, sheria namba 16/008 ilikibadili. Sasa kinasema kwamba bwana na bibi wanapaswa kupatana juu ya matendo ya kisheria yanayowafunga, kila mmoja kivyake au wote pamoja. Wasipopatana, anayeona ameonewa anaweza kupeleka shauri mbele ya korti ya amani. Tusome vizuri: wote wawili. Bwana anayesaini kontra ya kwenda kufanya kazi Kolwezi, naye anapaswa kupatana na bibi yake kwanza. Lakini ni mwajiri gani anayemuuliza mwanaume kama bibi amekubali? Sheria ile ile pia iliondoa amri ya mke kumtii mume, lakini kifungu cha 444 kiliendelea kusema kwamba mume ndiye kichwa cha nyumba. Watu wengi walibaki na sentensi hiyo moja.

Kinachomzuia mwanamke leo, basi, si karatasi. Kabla ya kumjibu mwajiri anapiga hesabu yake. Misheni ikiwa Minova au Walikale, nani atalala na watoto? Mama mkwe atasema nini? Na mtoto akishikwa na malaria juma hilo hilo? Mwanasosholojia wa Marekani, Arlie Hochschild, alieleza mwaka 1989 kwamba mwanamke anayetoka kazini anaanza zamu ya pili nyumbani. Sehemu nzito ya zamu hiyo haionekani: kukumbuka kwamba sabuni imekwisha, kwamba mdogo hana kiatu cha shule. Kwetu kuna hata zamu ya tatu, ile ya ukoo: matanga, harusi, na tangu vita, ndugu waliokimbia vijiji ambao wanapaswa kulala na kula.

Mtoto akishindwa mtihani, hakuna anayelaumu kazi ya baba. Hatia inamwendea mama, na mara nyingi anajihukumu kabla ya wengine. Ndiyo maana wako wanaokataa kupandishwa cheo, au wanaoacha ofisi na kwenda kuuza vikwembe karibu na nyumbani, na wanasema ni uamuzi wao. Si uongo. Ila mtu anayeamua akijua kwamba kosa lolote litakuwa lake peke yake, hajaamua kwa uhuru sawa na bwana wake.

Wengine wanapita kwa sababu kuna msichana wa kazi, mara nyingi aliyetolewa kijijini akiwa bado na umri wa kusoma. Kazi ya mama mmoja inabebwa na masomo ya mtoto wa mama mwingine. Hilo halizungumzwi sana katika hotuba za mwezi wa tatu.

Vita vimegeuza hesabu hii. Tangu M23 ilipoingia Goma mwishoni mwa Januari 2025, kisha Bukavu mwezi uliofuata, benki zilifunga milango. Mwaka huo huo mashirika mengi yalipoteza pesa za Marekani. Wanaume waliozoea mshahara walibaki nyumbani, na sufuria ikategemea mama anayeuza Kadutu, soko la Virunga, au anayevuka Petite Barrière na ndoo yake. Mtu angefikiri kwamba anayeleta chakula ndiye atakayeamua. Wapo kweli waliopata sauti. Lakini wapo wanaompa bwana pesa kwa siri ili yeye ndiye alipe masomo mbele ya watoto, na wapo wanaoficha sehemu ya faida katika AVEC wasije wakaonekana wamempita. Wanalinda amani ya nyumba, na sitawahukumu. Lakini hiyo nayo ni kazi: kutafuta pesa, kisha kuhangaika ili isionekane ni wewe uliyeitafuta.

Na anayekataliwa kabisa? Sheria ya 2016 inamwelekeza kwenye korti ya amani. Katika Goma na Bukavu, korti za serikali zilisimama tangu miji hiyo ilipobadili mikono. Shauri linarudi sebuleni, mbele ya baba mkwe na wazee wa ukoo, na pale swali la kwanza ni kama aliomba ruhusa.