Kitshanga: shule ni bure, lakini nani analipia kusoma?

Septemba 2019 serikali ilianza kutimiza ibara ya 43 ya Katiba: shule ya msingi bure. Tulishukuru, watoto wakajaa madarasani.

Lakini pesa nyingi zilikwenda kwenye mishahara, na bado walimu wengi hawamo katika orodha ya malipo. Kumwonyesha mwalimu wa darasa la kwanza namna ya kumfundisha mtoto kuunganisha herufi ni gharama nyingine. Hiyo ilibebwa sana na wafadhili. Mradi wa ACCELERE, wa Marekani na Uingereza, ulitoa vitabu na mafunzo kwa Kilingala, Tshiluba na Kiswahili. Mwaka 2025 USAID ikavunjwa. Nayo Benki ya Dunia, iliyoidhinisha dola milioni 800 mwaka 2020 kwa ajili ya elimu hii ya bure, hukadiria kwamba watoto 97 kati ya 100 wa miaka 10 nchini hawawezi kusoma na kuelewa maandishi mepesi.

Kwetu kuna zaidi. Mtoto wa Kitshanga huzungumza Kihunde au Kinyarwanda nyumbani. Hata Kiswahili cha kitabu anajifunza. Tangu Januari 2023 mji umepita mikono kadhaa, na mwalimu anayekimbia habebi vitabu. Goma ilipoanguka Januari 2025, benki zikafungwa, hata aliye kwenye orodha akahangaikia mshahara wake.

Mkataba wa 1977 uliyapa makanisa usimamizi wa shule nyingi za serikali, zetu za Kiprotestanti zikiwamo. Basi tukikutana na wakubwa wa elimu tusiulize mishahara tu. Tuulize mafunzo ya kusoma yametengewa franka ngapi mwaka huu, na walimu wangapi wa Masisi na Walikale wameyapata.